Mjusi kama Shahidi: Kufundisha Uchafuzi wa Mazingira na Mionzi Asilia katika Shule za Msingi

Malalamiko tunayoyasikia mara kwa mara kutoka kwa wanachuo wanaporejea kutoka kwenye mazoezi ya kufundisha ni kwamba sayansi haiwezi kufundishwa vizuri katika shule isiyo na maabara. Hatuyapuuzi malalamiko hayo. Mwalimu mwenye wanafunzi themanini, ubao mmoja na kipande cha chaki ana haki ya kulalamika. Hata hivyo, mada ya uchafuzi wa mazingira ni miongoni mwa mada ambazo hata mwenye maabara hawezi kuzifundisha akiwa ndani ya maabara peke yake, kwa kuwa kitu kinachofundishwa kiko nje: ukutani, juu ya mawe, katika shina la mgomba na ufukoni mwa ziwa. Katika makala haya tunakusudia kueleza jinsi mnyama apatikanaye bure katika kila shule ya Bukoba na Muleba, yaani mjusi, anavyoweza kutumiwa kama shahidi wa hali ya mazingira. Tunakusudia pia kueleza mipaka ya ushahidi wake, kwa sababu sisi wenyewe tuliwahi kuiacha mipaka hiyo ivukwe, na watu wakapata taabu. Habari hiyo tutaifikia.

Wataalamu wanapotaka kujua kama mahali fulani pana sumu hupima udongo, maji na hewa. Vipimo hivyo ni vya lazima, lakini vina upungufu: hueleza kilichokuwapo siku ile kilipopimwa, wala havielezi ni kiasi gani cha sumu kinachoingia katika mwili wa kiumbe hai. Maji ya mto yaliyochukuliwa Jumatatu si maji ya Jumanne. Lakini mnyama akaaye mahali pamoja kwa miezi na miaka, akila, akinywa na kupumua vya mahali hapo, hukusanya mwilini mwake habari za muda mrefu. Mnyama wa namna hiyo wataalamu humwita kiashiria hai.

Sasa tumwangalie mjusi. Kwanza, hahami. Ndege anayekutwa Bukoba leo huenda wiki iliyopita alikuwa nchi nyingine, na sumu iliyo mwilini mwake haituelezi aliipatia wapi. Mjusi wa ukutani huishi katika eneo dogo sana, pengine ukuta mmoja na dari yake. Pili, hula wadudu, na kwa hiyo hukutana na sumu waliyokwisha kuikusanya wadudu hao. Tatu, tumbo lake hugusa ardhi au ukuta mchana kutwa, na vumbi humwingia pamoja na chakula. Nne, joto la mwili wake hutegemea jua. Kazi za mwili wake huenda polepole kuliko za panya au ndege aliye na ukubwa kama wake, na sumu nyingine huchelewa kuvunjwavunjwa mwilini mwake. Hatimaye, ni wengi, na kila mtoto anawajua.

Katika wilaya zetu tunapendekeza mwanachuo awatofautishe mijusi wa aina tatu au nne, kwa kuwa kila mmoja hushuhudia mahali pake. Mjusi kafiri, yule mweupe-mweupe anayetoka usiku na kuvizia wadudu karibu na taa, hushuhudia yaliyomo ndani ya nyumba. Mjusi laini mwenye mistari mgongoni, apendaye kuota jua kwenye kuni, kuta na mashina, hushuhudia uani na shambani. Mjusi mkubwa wa mitini na mawe, ambaye dume lake lina kichwa cha buluu na hutikisa kichwa kama mtu anayekubali jambo, hushuhudia miti na miamba. Na kenge, ambaye wavuvi wa Kemondo na wa visiwa vya Bumbire na Ikuza wanamfahamu vizuri, hula samaki, kaa, mayai na mizoga, na kwa hiyo hushuhudia ziwa na ufuko. Huyu wa mwisho watoto wasimfuate hata kidogo. Meno yake na mkia wake si mchezo, na tena ni mnyama wa porini anayelindwa kwa sheria. Majina ya Kihaya ya hao wote wanafunzi watayatoa wenyewe, na mwalimu atokaye mkoa mwingine afurahie kuyajifunza kutoka kwao.

Jinsi sumu inavyopanda

Wazo gumu kuliko yote katika mada hii ni kwamba sumu kidogo inaweza kuwa nyingi bila mtu yeyote kuiongeza. Tumejaribu kulieleza kwa maneno tukashindwa, kisha tukalieleza kwa punje za mahindi tukafaulu. Wanafunzi ishirini huwa wadudu. Kila mmoja hupewa majani matano, ambayo ni chakula, na punje moja ya mahindi, ambayo ni sumu. Wanafunzi wanne huwa mijusi; kila mjusi hula wadudu watano, maana yake hukabidhiwa majani na punje zao zote. Hapo mwalimu huamuru mijusi watupe majani, kwa kuwa chakula hutumika mwilini na kwisha, lakini punje wazishike. Kila mjusi sasa ana punje tano. Mwisho huja kipanga mmoja, akala mijusi wote wanne. Kipanga anabaki na punje ishirini mkononi, na hakuna aliyezileta isipokuwa wale wadudu wenye punje mojamoja.

Mchezo huo huchukua dakika kumi na tano. Ni lazima mwalimu aongeze jambo moja ambalo mchezo wenyewe hauonyeshi: si kila sumu hufanya hivyo. Zipo zinazovunjika upesi na kutoka mwilini. Zinazopanda namna ile ni zile zinazodumu na kushikamana na mafuta au viungo vya mwili, kama vile DDT, dieldrini, na zebaki inapokwisha kugeuzwa na vijidudu vya majini. Wazee wetu wa migomba wanakumbuka kwamba viuatilifu vya jamii ya dieldrini vilitumika zamani katika Afrika Mashariki kupambana na fukusi wa migomba. Miongoni mwa sababu za kuachwa kwake ni kwamba havikwisha ardhini.

Mifano ya kweli ya kazi ya mjusi haiko mbali nasi. Nchini Zimbabwe, DDT ilipopulizwa ardhini na kwenye mashina ya miti ili kuua mbung'o, mtafiti Mwingereza M. R. K. Lambert alikwenda kuhesabu mijusi katika maeneo yaliyopulizwa na yasiyopulizwa kaskazini-magharibi ya nchi hiyo. Matokeo yake yalichapishwa mwaka 1993. Mjusi mmojawapo aliyemtumia ni yule yule mwenye mistari tunayemwona juu ya kuni zetu, na mahali palipopulizwa alionekana kwa uchache zaidi. Baadaye mtafiti huyo alikwenda karibu na Hargeisa, ambako ghala la viuatilifu lilikuwa limebomolewa wakati wa vita mwaka 1988 na dawa zikamwagika ardhini. Huko aliwatumia mijusi, pamoja na wanyama wengine wa jamii ya reptilia na vyura, kupima athari iliyobaki, na taarifa yake ilitoka mwaka 1997. Hapa kwetu Tanzania kisa kinachofanana na hicho ni cha shamba la Vikuge, Kibaha, ambako viuatilifu vilivyopokelewa katika miaka ya 1980 vilikaa mpaka vikaharibika na kuingia katika udongo.

Walimu wengine hupenda kutoa mfano wa Borneo: kwamba DDT ilipulizwa nyumbani kuua mbu, mijusi wakala wadudu wenye sumu, paka wakala mijusi wakafa, panya wakaongezeka, na mwaka 1960 ndege ya Uingereza ikadondosha paka wengine kwa miavuli. Ni kisa kitamu mno. Paka kweli walidondoshwa, lakini viungo vya mnyororo ule, hasa cha mjusi, vimeongezewa chumvi kadiri kisa kilivyosimuliwa. Sisi tunashauri kitolewe kama hadithi ya kujadiliwa, au kiachwe.

Kuta za Muleba

Hatuna haja ya kwenda Borneo hata hivyo. Muleba ina mfano wake. Baada ya mlipuko mkali wa malaria wa mwaka 2006, upuliziaji wa dawa ya ukoko ndani ya nyumba ulianza wilayani humo mwaka 2007, kwa dawa ya jamii ya pairethroidi. Mbu walipoanza kuizoea dawa hiyo, ilibadilishwa. Katika utafiti mkubwa uliofanyika Muleba mwaka 2011 na 2012, nyumba zilipulizwa dawa iitwayo bendiokabu, na ikaonekana kwamba kupuliza pamoja na kutumia vyandarua kulipunguza malaria kuliko vyandarua peke yake. Utafiti mwingine ulifuata, ambao matokeo yake yalichapishwa mwaka 2018, kuhusu vyandarua vya aina mpya na dawa nyingine ya ukutani. Kwa hiyo kuta za Muleba zimeelezwa katika majarida ya kitabibu ya dunia nzima, na mtoto wa Nshamba au Kamachumu anayedhani kwamba sayansi hufanyika Ulaya tu yafaa aambiwe habari hiyo.

Swali la somo linajitokeza lenyewe: dawa iliyopakwa ukutani inaua mbu, je, mjusi kafiri anayeishi juu ya ukuta huo huo na kuwala mbu hao anapatwa na nini? Dawa hizi hazifanani na DDT; huvunjika mapema, na zilichaguliwa kwa sababu madhara yake kwa binadamu ni madogo zinapotumiwa kwa kiasi kilichowekwa. Lakini mjusi si binadamu. Majaribio ya maabara huko Marekani yameonyesha kwamba pairethrini, ambazo ni ndugu wa pairethroidi na asili yake ni maua ya pareto, humdhuru mjusi zaidi hewa inapokuwa ya baridi. Mwalimu wa Kamachumu, ambako usiku ni wa baridi kuliko kandokando ya ziwa, anaweza kuona mara moja kwa nini jambo hilo linamhusu.

Hapa tahadhari kubwa inatakiwa. Somo lisigeuke kuwa hoja ya kukataa kupuliziwa nyumba. Malaria huua watoto; huo ni ukweli ambao kila familia ya Muleba inaujua bila kufundishwa. Mwalimu aseme wazi kwamba watu hupima faida na hasara, na kwamba kuhesabu mijusi ni sehemu ya kupima huko. Mwanachuo asiyeweza kuyasema yote mawili kwa pamoja asiifundishe sehemu hii.

Mionzi asilia, tukianza na ndizi

Neno «mionzi» huwatia watu hofu. Wakilisikia hufikiri mabomu. Kwa hiyo tunapendekeza somo lianze na kitu kisichomtisha Mhaya yeyote, yaani ndizi. Ndizi ina potasiamu nyingi, na sehemu ndogo sana ya potasiamu yote duniani ni ya aina nururifu, iitwayo potasiamu-40. Katika ndizi moja ya kuliwa atomu kama 15 hivi huvunjika kila sekunde na kutoa mionzi. Kipimo hicho huitwa bekereli 15. Wanafunzi watashtuka. Kisha waambiwe kwamba katika mwili wa mtu mzima huvunjika atomu za potasiamu zaidi ya 4,000 kila sekunde, na imekuwa hivyo tangu alipozaliwa, hata kama hajala ndizi maishani mwake. Mwili haukusanyi potasiamu. Huchukua kiasi unachohitaji na kutoa inayozidi. Kwa hiyo mla ndizi wa Bukoba hana mionzi mwilini kuliko mla ugali wa Dodoma.

Hilo ndilo jambo la msingi: kuwapo kwa mionzi si sawa na kuwapo kwa hatari. Dunia yote ina mionzi asilia. Miamba na udongo vina urani na thoriamu kidogo. Nyota na jua hutupa mionzi kutoka juu. Na gesi ya radoni hutoka ardhini na kujikusanya katika vyumba visivyopitisha hewa. Wastani wa mionzi asilia anayoipata mtu duniani ni kiasi cha milisiveti 2.4 kwa mwaka, na karibu nusu yake hutokana na radoni hiyo. Kufungua madirisha, jambo ambalo walimu wa afya wametuhimiza siku zote kwa sababu nyingine, hupunguza radoni vilevile.

Lakini ziko elementi ambazo mwili hudanganyika nazo. Radiamu hufanana na kalisiamu kwa tabia zake za kikemia. Ikiingia mwilini hupelekwa mifupani kana kwamba ni kalisiamu, na huko hukaa. Hapa mjusi anarudi tena katika somo letu. Mjusi akaaye juu ya mwamba au udongo wenye urani nyingi humeza vumbi lake na wadudu wa hapo hapo, na mifupa yake huwa kama daftari la yale aliyoyameza. Mfano wa mahali pa namna hiyo nchini mwetu ni Minjingu, karibu na Ziwa Manyara, yanakochimbwa mawe ya fosfeti ya kutengenezea mbolea. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2000 ulionyesha kwamba mawe hayo yana radiamu zaidi ya bekereli 5,000 kwa kilo, ilhali udongo wa kawaida duniani una kiasi cha bekereli 30 hadi 40 tu. Tofauti kama hiyo kati ya mahali na mahali ndiyo inayomfanya mnyama asiyehama kuwa na thamani. Kupima mifupa au ncha ya mkia wa mjusi ni kazi ya wataalamu wenye vyombo na kibali. Kwa upande wa mionzi, wenye mamlaka nchini ni Tume ya Nguvu za Atomu Tanzania, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2003. Shule ya msingi haipimi mionzi. Inachofundisha ni jinsi ya kufikiri juu yake.

Jaribio moja la zamani lafaa kusimuliwa kwa ukamilifu kwa sababu linafundisha jambo ambalo kuhesabu tu hakufundishi. Huko Rock Valley, katika jangwa la Nevada nchini Marekani, kuanzia mwaka 1964 watafiti walizungushia uzio eneo la jangwa na kuweka katikati yake, juu ya mnara, chanzo cha mionzi cha elementi ya sizi. Mijusi waliokuwa ndani ya uzio waliendelea kuishi. Walikimbia, waliota jua, walikula. Mtu aliyepita na kuwahesabu angesema kwamba hawakudhurika. Baada ya miaka kadhaa, hata hivyo, ilionekana kwamba majike wa aina fulani walikuwa tasa. Ovari zao zilikuwa zimenywea au kutoweka kabisa. Idadi ilikuwa bado ipo, lakini watoto hawakuwapo. Tangu tuliposoma habari hiyo tumekuwa tukiwataka wanachuo wawe na safu mbili katika jedwali lao: wakubwa na wadogo.

Kueleza jinsi unururifu unavyopungua, tumia buni zilizokobolewa. Mia moja zitikiswe katika kikombe na kumwagwa mezani. Zile zilizolala na upande bapa juu huondolewa na kuhesabiwa, zilizobaki hurudishwa kikombeni, na kazi huendelea mpaka zinapokwisha. Mwanafunzi mwerevu atagundua kwamba buni hazianguki nusu kwa nusu kama sarafu. Asikemewe! Hilo ndilo somo. Kila elementi ina mwendo wake: radoni hupungua nusu kwa siku 3.8, radiamu kwa miaka 1,600, urani ya kawaida kwa miaka kama bilioni 4.5. Kinachofanana ni kwamba kila mara huondoka sehemu ile ile ya zilizobaki, si idadi ile ile.

Kosa lililotufundisha

Miaka michache iliyopita mwanachuo wetu mmoja alikuwa katika mazoezi ya kufundisha kijijini wilayani Muleba. Aliandaa somo la kuhesabu mijusi wa mawe kwenye chemchemi ambayo kijiji huchota maji. Andalio la somo tulilisoma na kulitia saini sisi wenyewe. Mara ya kwanza wanafunzi walihesabu mijusi kumi na wanne. Wiki mbili baadaye walihesabu watatu. Mwanachuo aliandika ubaoni kwamba upungufu huo waonyesha kuwapo kwa sumu katika maji ya chemchemi.

Watoto walipeleka habari nyumbani. Kwa siku nyingi kaya kadhaa ziliacha chemchemi na kuchota maji bondeni, mahali wanaponyweshwa ng'ombe. Tulipofika kwa ukaguzi tulikuta akina mama wakitazama daftari la mtoto kana kwamba ni hati ya bwana afya. Mzee mmoja alituuliza swali ambalo hatujalisahau: «Ninyi walimu, huyo mjusi alikuambieni hivyo lini?»

Tulikaa na daftari tukalisoma mstari kwa mstari. Hesabu ya kwanza ilifanyika saa tano asubuhi, jua likiwaka. Ya pili ilifanyika saa mbili asubuhi, baada ya mvua ya usiku, ukungu ukiwa haujaondoka. Mjusi wa mawe hatoki kabla ya jua kupasha mwamba joto. Wale kumi na wanne walikuwapo wote au karibu wote, ndani ya nyufa. Katika nchi yetu hii, ambako Bukoba hupata mvua ya kiasi cha milimita 2,000 kwa mwaka, asubuhi za namna hiyo si chache. Tulikwenda na mwanachuo nyumba kwa nyumba kueleza kosa, na kosa tulilitaja kuwa letu, kwa sababu saini ilikuwa yetu. Andalio halikuwa na nafasi ya kuandika saa wala hali ya hewa, nasi hatukuliona pengo hilo.

Utaratibu tunaoufuata sasa

Tangu wakati huo hatutii saini andalio la namna hii mpaka liwe na mambo fulani. Pawepo mahali pawili panapolinganishwa, si pamoja. Tuseme kuta nne za nyumba zilizopuliziwa dawa na kuta nne za nyumba zisizopuliziwa, zenye tofali za aina moja, na taa za namna moja ikiwezekana, kwa kuwa taa huvuta wadudu na wadudu huvuta mjusi kafiri. Kuwapo kwa paka nyumbani kuandikwe. Nyufa ziandikwe pia: tangu tetemeko la ardhi la tarehe 10 Septemba 2016 ziko nyumba Bukoba zenye nyufa nyingi, na ukuta wenye nyufa ni kama hoteli kwa mijusi. Hesabu ifanyike saa ile ile, katika hali ya hewa inayofanana, na irudiwe si chini ya mara tano. Mjusi wa mchana ahesabiwe kati ya saa nne na saa sita, kukiwa na jua. Mjusi kafiri ahesabiwe na mwanafunzi nyumbani kwao saa mbili usiku, mzazi akiwapo, kwa dakika kumi tu.

Wakubwa na wadogo waandikwe mbalimbali, kwa sababu tuliyoieleza. Mikia iliyokatika na kuota upya iandikwe vilevile, maana hiyo huonyesha mashambulizi ya paka na ndege kuliko sumu, na mtoto anayeona jambo hilo anajifunza kwamba upungufu una sababu nyingi. Mayai ya mjusi kafiri, ambayo huwa mawili mawili nyuma ya picha na katika pembe za dari, yasiguswe.

Hakuna mjusi anayekamatwa, kupigwa mawe wala kuuawa kwa ajili ya somo. Kukamata wanyamapori kwa utafiti kunahitaji kibali kwa mujibu wa Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009. Na zaidi ya sheria, shahidi aliyeuawa hahojiwi tena wiki ijayo. Kuna watoto wengi wanaoamini kwamba mjusi kafiri ana sumu ya kuuma na kwa hiyo humwua wamwonapo. Mjusi huyo hana sumu. Kipindi kizima kinaweza kutumika kwa jambo hilo moja, nasi hatukioni kuwa kimepotea. Kadhalika, watoto wasipelekwe kuhesabu kwenye maghala ya viuatilifu vya zamani, wala mahali wachimbaji wadogo wanapookota dhahabu kwa zebaki, kama palivyo upande wa Biharamulo na Geita. Huko mwalimu aeleze kwa maneno tu.

Lugha ya hitimisho ndiyo tunayoisahihisha kwa ukali zaidi. Mwanafunzi haandiki «ukuta huu una sumu». Anaandika: «Katika kuta zilizopuliziwa tuliona mijusi wachache kuliko katika kuta zisizopuliziwa, kwa mara tano tulizohesabu, sababu zinaweza kuwa dawa, uchache wa wadudu, au paka.» Neno «uchache wa wadudu» lisikosekane kamwe: mjusi anaweza kuondoka kwa njaa bila kuguswa na sumu yoyote, kwa kuwa dawa imemaliza chakula chake. Ikiwa tofauti inaendelea kuonekana muhula mzima, na hasa ikiwa mijusi wanakutwa wamekufa, taarifa hupelekwa kwa mwalimu mkuu, naye huipeleka kwa bwana afya au ofisi ya mazingira ya wilaya. Haipelekwi kijijini kwa mdomo wa mtoto.

Na daftari la hesabu liandikwe kwa wino, libaki katika kabati la shule mwanachuo anapoondoka. Ukurasa wa kwanza uwe na mchoro wa kila ukuta uliohesabiwa, mshale wa kaskazini, na alama ya mahali anaposimama mhesabuji, kwa kuwa mwanachuo atakayefuata mwaka ujao hatakuwa na mtu wa kumwuliza kama ulikuwa ukuta wa upande wa ziwa au wa upande wa migomba.